Kusafishwa meno kwa daktari: kila miezi mitatu, sita, mwaka, au pale fizi zinapodai?

Mama yangu aling'olewa magego mawili ya chini ambayo hayakuwa na tundu hata dogo. Yalikuwa mazima. Yalianza kucheza kidogo kidogo, mama akahamishia kutafuna upande wa pili, miaka ikapita, na siku daktari alipoyashika kwa koleo hayakuleta ubishi wowote. Kilichokuwa kimeisha ni vile vinavyoyashikilia, yaani fizi na mfupa wa taya. Mama ana kisukari, na katika miaka yote ya kuhudhuria kliniki ya sukari hakuna aliyewahi kumwambia afungue mdomo.

Tangu hapo kila ndugu na jirani akijua habari ile huniuliza swali moja: "Sasa mimi niende kusafishwa mara ngapi?" Majibu waliyopewa huko walikopita yanapishana. Huyu kaambiwa kila miezi sita, yule mitatu, mwingine kaambiwa mara moja kwa mwaka inatosha, na wa nne kaambiwa aje tu apimwe, kusafishwa ni pale itakapohitajika. Hakuna kati yao aliyedanganywa. Majibu yote manne ni sahihi kwa mtu fulani, na kazi ni kujua wewe ni nani kati yao. Ninayoyaandika nimeyapata nikiwa nimekaa pembeni ya kiti cha daktari nikimsubiri mama, na kwenye miongozo ya tiba niliyoisoma baadaye kwa sababu ya machungu yale.

Kwanza, kinachotolewa ni nini?

Ukiamka asubuhi na kupitisha ulimi juu ya meno, ule utelezi unaousikia ni utando wa bakteria. Ni laini, na mswaki unautoa. Ukiuacha, madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugandisha ndani ya siku moja au mbili, na baada ya wiki mbili hivi unakuwa mgumu kama ule ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika la chai. Huo ndio ugaga. Hautoki kwa mswaki hata usugue mpaka fizi zichubuke. Hupenda kujikusanya sehemu mbili: nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa kuwa hapo ndipo tezi kubwa za mate zinapomimina mate yake.

Daktari au tabibu wa meno huutoa kwa mashine ndogo inayotetemeka huku ikirusha maji, akamalizia kwa vyuma vya mkono vyenye ncha, kisha brashi ya kung'arisha. Hiyo ni kazi ya juu ya fizi. Ugaga ukiwa umeteremka chini ya fizi, kazi inabadilika: unachomwa ganzi, mizizi inakwanguliwa, na mara nyingi hugawanywa katika siku mbili au zaidi. Hii ya pili ni matibabu kamili, na bei yake si ile ya kwanza, kwa hiyo uliza mapema unafanyiwa ipi.

Wengi huogopa kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Hofu hii naielewa. Ugaga mwingi huziba nafasi kati ya meno, na pengine huyashikamanisha yaliyokwisha kulegea, basi ukitolewa ulimi unakutana na mapengo na jino linacheza. Mapengo yalikuwapo tangu fizi iliponywea. Ugaga ulikuwa umeyafunika tu. Kwa siku chache meno yanaweza kutia ganzi ukinywa maji baridi, halafu hali hutulia.

Jambo jingine niliseme mapema ili mtu asipoteze fedha. Kama umekulia Arusha, Kilimanjaro au Manyara, au ng'ambo ya mpaka kwenye Bonde la Ufa kuzunguka Nakuru, na meno yako yana rangi ya kahawia tangu ulipoyaota, hiyo ni kazi ya floridi nyingi kwenye maji ya kunywa, na kwa familia nyingine magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande huongezea. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na maeneo ya volkano yana visima na vijito vinavyovuka kipimo hicho mara nyingi. Rangi ile imo ndani ya jino lenyewe. Kusafishwa hata mara nne kwa mwaka hakuifuti. Ziko njia nyingine za kuipunguza au kuifunika, na hizo ni mazungumzo tofauti na daktari.

Vigezo nilivyotumia

Nimevipima vipindi vyote vinne kwa maswali yaleyale. Fizi zako zina hali gani, yaani zinatoka damu, na je, zimeachana na jino? Daktari hupima hili kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita: kina cha milimita 1 hadi 3 kati ya ufizi na jino ni cha kawaida, kuanzia 4 ni dalili kwamba mfuko unajichimba. Ugaga wako hujijenga kwa kasi gani? Wapo ndugu wa tumbo moja, wanaokula chungu kimoja, mmoja anajaa ugaga kwa miezi mitatu na mwingine baada ya miaka miwili bado yuko safi. Mwili wako una mzigo gani mwingine: kisukari, ujauzito, sigara, dawa za kila siku? Una uwezo gani wa fedha, nauli na ruhusa ya kazini? Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, unafanya nini wewe mwenyewe kila usiku kabla ya kulala?

Kila miezi mitatu au minne

*Inakupa nini.* Inavunja makazi ya bakteria walioko chini ya fizi kabla hawajajijenga upya. Kwa mtu aliyekwisha kupoteza mfupa, baada ya matibabu ya kina bakteria wale hurudi taratibu katika muda wa wiki na miezi, ndiyo maana daktari wa fizi hataki umpotee nusu mwaka. Faida ya pili ni kwamba kila ukija unapimwa, na mfuko uliokuwa milimita 4 ukianza kwenda 5 unaonekana mapema.

*Inakugharimu nini.* Safari tatu au nne kwa mwaka, kila mwaka, pengine maisha yako yote. Ni mzigo hasa kwa anayetoka mbali na hospitali ya wilaya. Na kwa mwenye fizi nzima ni fedha iliyopotea. Hakuna cha ziada anachopata, isipokuwa kuona meno yametakata kwa wiki mbili.

*Inamfaa nani.* Aliyetibiwa ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa. Mwenye kisukari ambaye sukari haijatulia, na hapa nitasimama kidogo, kwa sababu uhusiano huu unakwenda pande zote mbili: sukari ikiwa juu fizi huoza haraka, na fizi zenye uvimbe wa kudumu hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Mvutaji sigara mwenye mifuko kwenye fizi yumo humu pia. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi zake hazitoi damu hata zikiwa zinaharibika, naye hudhani yuko salama. Yumo anayeishi na VVU ambaye kinga imeshuka, na anayemeza fenitoini kwa ajili ya kifafa, au nifedipini au amlodipini kwa ajili ya presha, akaona fizi zake zinavimba na kupanda juu ya meno. Usiache dawa yako kwa sababu hiyo. Mwambie daktari wa meno na yule aliyekuandikia, wazungumze.

Kila miezi sita

*Inakupa nini.* Ratiba rahisi kukumbuka. Kwa anayejenga ugaga kwa kasi ya wastani, miezi sita humkuta kabla fizi hazijavimba sana. Tundu dogo nalo huonekana likiwa bado ni la kuziba, halijafikia kung'oa.

*Inakugharimu nini.* Safari mbili kwa mwaka. Lakini hapa kuna swali kubwa kuliko nauli: je, hii miezi sita ilitoka wapi? Imezoeleka tangu zamani, na katika karne iliyopita matangazo ya dawa ya meno huko Marekani yaliieneza sana, yakihimiza watu wamwone daktari mara mbili kwa mwaka. Haikuwekwa kwa sababu mtu alipima vinywa na kukuta kwamba mwezi wa sita ndio wenyewe.

Waingereza ndio waliojaribu kupima. Mwongozo wao wa taifa wa mwaka 2004 uliachana na kipimo kimoja kwa wote: mtu mzima aitwe tena kupimwa kati ya miezi 3 na miezi 24 kulingana na hatari yake, na aliye chini ya miaka 18 kati ya miezi 3 na 12. Kisha ukafuata utafiti wa kusafishwa kwenyewe, uliochapishwa mwaka 2018: watu wazima 1,877 katika kliniki 63 za Scotland na kaskazini mashariki mwa Uingereza, wengine wakisafishwa kila miezi sita, wengine kila mwaka, wengine bila ratiba yoyote. Baada ya miaka 3, damu ya fizi haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Hata hivyo waliohojiwa walisema wanaipenda huduma hiyo na wako tayari kuilipia, maana kinywa kilichosafishwa kinampa mtu raha, na raha hiyo si kitu cha kubeza.

Nawasihi mnaosoma habari hizi msikimbilie kusema "basi hakuna haja". Angalieni waliopimwa ni akina nani. Ni watu wenye mazoea ya kwenda kwa daktari wa meno, wasio na ugonjwa mkubwa wa fizi. Kwetu wengi humwona daktari wa meno kwa mara ya kwanza wakiwa wameshika shavu, na ugaga wa miaka ishirini haujaguswa. Mtu huyo hawezi kujilinganisha na yule wa Scotland.

*Inamfaa nani.* Anayetoka damu akipiga mswaki lakini mifuko yake haijafika mbali. Anayejaza ugaga nyuma ya meno ya chini kila baada ya miezi michache. Mwenye waya za kunyoosha meno, kwa kuwa mswaki haupiti vizuri. Mla tambuu, mnywaji wa kahawa chungu, mtumia ugoro, kwa ajili ya madoa na pia ili daktari akague ngozi ya ndani ya shavu na chini ya ulimi, maana tambuu yenye popoo, na tumbaku ya aina zote, zinaleta saratani ya kinywa. Kwa hao ukaguzi una thamani kuliko kung'arisha. Na mjamzito: homoni za mimba huzidisha uvimbe wa fizi, kusafishwa ni salama, na miezi ya katikati ya mimba ndiyo yenye nafuu ya kulala kwenye kiti.

Mara moja kwa mwaka

*Inakupa nini.* Ugaga kidogo uliojificha unatolewa, na kinywa kizima kinapigwa macho na mtu mwenye taa na kioo.

*Inakugharimu nini.* Safari moja. Familia nyingi zinaweza kuipangia, mathalani likizo ya Desemba kabla ada za shule hazijamaliza kila kitu. Kasoro yake ni kwamba fizi zikianza kuumwa mwezi wa pili, zina miezi kumi ya kuendelea bila kuonekana. Kwa mwenye kujichunguza hili halina shida. Kwa asiyejitazama kwenye kioo ni tatizo.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima asiye na kisukari wala sigara, asiyetoka damu, anayepiga mswaki asubuhi na usiku, na ambaye alipopimwa mara ya mwisho alikutwa na ugaga mdogo tu. Hawa ni wengi kuliko tunavyodhani.

Kupimwa, kusafishwa pale fizi zinapodai

*Inakupa nini.* Hulipii kisichohitajika. Unapimwa, ukikutwa safi unarudi nyumbani na tarehe ya mbele zaidi, na kwa mtu mzima asiye na hatari tarehe hiyo inaweza kufika miaka miwili.

*Inakugharimu nini.* Inahitaji daktari anayepima kwa kile kijiti na kuandika namba, si kutazama kwa sekunde tano. Inahitaji pia nidhamu yako. Na tafadhali, hiki kipindi kisichanganywe na "nitakwenda likiuma". Ugonjwa wa fizi hauumi mpaka uwe umefika mbali. Magego ya mama yangu hayakuwahi kumuuma hata usiku mmoja.

*Inamfaa nani.* Mwenye fizi za waridi au za kahawia iliyotulia (fizi za wengi wetu zina rangi ya asili, si ugonjwa), asiye na damu, asiye na historia ya kung'oa meno yaliyolegea, na aliyekwisha kupimwa vizuri angalau mara mbili akakutwa hivyo hivyo.

Kazi ya nyumbani

Mchagua kipindi chochote hapo juu anasafishwa labda saa mbili kwa mwaka mzima. Siku nyingine zote ni zake. Kwa hiyo nalinganisha na hizi zana, kwa kifupi zaidi.

*Mswaki wa dukani* ni rahisi, unafika nyuma ya magego, na unabeba dawa ya meno. Chukua wenye nywele laini. Ule mgumu unaouzwa kwa sifa ya kutoa madoa unakula shingo ya jino na kuirudisha fizi nyuma. Uinamishe ili nywele zielekee kwenye mstari wa ufizi, mizunguko midogo, dakika mbili. Ubadilishe kila miezi mitatu au nywele zikianza kulala. Unamfaa karibu kila mtu.

*Mswaki wa mti* ndio ulioipa lugha yetu neno lenyewe. Pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, vijiti vya mti wa mswaki huuzwa milango ya misikiti, na mwezi wa Ramadhani ndio msimu wake. Shirika la Afya Duniani liliutambua mwaka 1986 kama zana inayofaa mahali ulipozoeleka, na mtu anayejua kuutumia hutoa utando vizuri. Unaganduliwa ganda kama sentimita moja, unatafunwa mpaka nyuzi zifunguke, na nyuzi zilizotumika hukatwa kila siku. Kasoro zake ni mbili. Upande wa ndani wa magego haufiki kwa urahisi, na mtumiaji mwenye nguvu husugua meno ya mbele kwa kwenda na kurudi mpaka fizi zinyanyuke. Kwa anayeupenda kwa dini au kwa ladha, ushauri niliopata kwa daktari wa mama ulinipendeza: utumie mchana kadiri upendavyo, usiku piga mswaki wa dukani wenye dawa ya floridi.

*Mswaki wa umeme* hutoa utando zaidi kidogo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2014 ulikuta utando umepungua kwa asilimia 21 na uvimbe wa fizi kwa asilimia 11 baada ya miezi mitatu kuliko kwa mswaki wa kawaida. Bei yake na vichwa vya kubadilisha ni mzigo. Unamlipa hasa mzee mwenye vidole vinavyouma, aliyepooza upande mmoja, au mtoto mwenye ulemavu anayepigwa mswaki na mlezi.

*Mkaa, majivu, mchanga laini na chumvi ya mawe* vinang'arisha kwa sababu vinakwangua. Jino halioti tena gamba lililokwanguliwa. Hapa sina usawa wa kutoa, naomba viachwe.

Dawa ya meno yenyewe ni muhimu kuliko chapa yake. Geuza boksi, tafuta floridi na namba kati ya 1000 na 1500 ikifuatwa na herufi ppm. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na hiyo inakuonyesha uzito wake. Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Floridi iliyobaki inaendelea kufanya kazi. Mtoto chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya mbaazi, na akae na mtu mzima ili asimeze, hasa kule kwenye maji yenye floridi nyingi.

Kati ya jino na jino mswaki haupiti. *Uzi wa meno* unafaa pale meno yalipobanana, ila unataka mazoezi. *Vibrashi vya katikati* ni bora kwa aliye na mapengo baada ya fizi kunywea. Chagua kipenyo kinachopita kwa kusugua kidogo bila kulazimisha. *Kijiti cha mezani* kinatoa nyama ya mshikaki na basi, utando hakiugusi, na kikichomwa kwa nguvu kinatoboa ufizi. Dawa za kusukutua zenye klorheksidini ni za wiki moja mbili kwa maelekezo ya daktari, maana zikizidi zinapaka meno rangi ya kahawia.

Kuhusu saa, wengi tulilelewa kupiga mswaki asubuhi kabla ya chai, na usiku tukalala na ubwabwa na soda yake. Ukibanwa ukalazimika kuchagua mara moja tu kwa siku, chagua usiku. Mate hupungua tukilala, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa. Baada ya ndimu, ukwaju au soda, subiri kama nusu saa kabla ya kusugua.

Na damu. Watu huiita kiseyeye, ingawa kiseyeye chenyewe ni ugonjwa wa kukosa vitamini C. Damu nyingi ya mswaki inatokana na utando uliolala pembeni ya ufizi. Ukiiona, usipakwepe mahali pale. Endelea kupasugua kwa upole, na mara nyingi baada ya wiki moja hadi mbili damu hukoma. Ikipita hapo, nenda ukapimwe.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kusafishwa, usianze kwa kuchagua kipindi. Nenda mara moja, usafishwe na upimwe, kisha muulize aliyekuhudumia maswali matatu: mfuko wangu mrefu kuliko yote ni milimita ngapi na uko jino gani, ugaga wangu ulikuwa mwingi kiasi gani, na nirudi baada ya miezi mingapi kwa sababu ipi. Jibu la tatu lisipoungana na mawili ya kwanza, una haki ya kuuliza tena.

Kama una kisukari, anza na miezi mitatu au minne. Sukari ikitulia na fizi zikakauka damu, omba kusogezwa kwenye sita. Kama wewe ndiye unayemsindikiza mzazi kliniki ya sukari, ukifika zamu yake mwulize daktari kuhusu kinywa, hata asipouliza yeye.

Kama fedha ipo ya kimoja tu mwaka huu, nunua kwanza miswaki laini na dawa yenye floridi ya kutosha nyumba nzima, kisha peleka anayetoka damu, anayevuta au mwenye kisukari. Bei kati ya hospitali ya serikali na kliniki binafsi hupishana sana, na bima hazifanani, kwa hiyo piga simu kwanza uulize bei ya kusafisha tu na bei ya kusafisha chini ya fizi.

Kama una valvu bandia ya moyo, au unameza dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla hujakaa kwenye kiti. Huenda ukahitaji dawa ya kutangulia au mpango maalumu.

Kama una watoto, hesabu yao ni nyingine. Wao wanahitaji kupimwa zaidi ya kukwanguliwa. Mpeleke jino la kwanza likitoka au kabla hajamaliza mwaka, na uulizie vanishi ya floridi, yaani dawa inayopakwa juu ya meno, na kuzibwa mitaro ya magego ya kudumu yanapoota akiwa na miaka sita hivi. Mpigie mswaki mwenyewe mpaka afikie umri wa kufunga kamba za viatu vizuri.

Kama umevutiwa na bei ya saluni au ya kijana anayepita na chupa ya kimiminika cha kung'arisha, rudi nyuma. Asidi huondoa doa pamoja na gamba la jino. Mahali pa kusafishiwa pawe na mtu aliyesajiliwa, na vyuma vitolewe kwenye mfuko uliofungwa mbele ya macho yako, kwa kuwa homa ya ini aina ya B husafiri kwa damu kidogo sana.

Na kama fizi zako ni nzima, umepimwa mara mbili ukakutwa safi, na daktari anakuambia uje baada ya mwaka mmoja na nusu, mwamini. Andika tarehe kwenye simu. Kila mwisho wa mwezi simama dirishani na kioo, vuta mdomo wa chini, tazama nyuma ya meno ya mbele na pembezoni mwa fizi. Ukiona ukoko wa njano umeanza, au mate yametoka na wekundu ulipotema, usiingoje tarehe ile.